Chemsha bongo ya baiolojia Kigoma: majaji, nguva ni samaki kwa kigezo kipi?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa matokeo ya mitihani.

Juzi sekondari za hapa mjini zilishindana chemsha bongo. Swali la kuamua mshindi: wapange viumbe wa hadithi kwenye ngeli zao, yaani makundi kama samaki au mamalia, toa sababu. Swali tamu, hongera aliyelitunga. Balaa ni waliosahihisha. Binti yangu kasema nguva wa hadithini, yule mwenye kiwiliwili cha mwanamke, ni mamalia. Sifuri! Jaji anajibu eti "ana magamba na mkia, huyo samaki, tuendelee."

Tuendelee wapi?

Ana nywele, ana matiti. Kitabu chochote cha baiolojia cha sekondari kitakwambia hizo ni alama za nani. Magamba hata kakakuona anayo, na ananyonyesha. Nguva wa kweli, wa huko Mafia na Rufiji, naye ananyonyesha na lazima aibuke kuvuta hewa. Halafu mkia wenyewe: samaki huupiga kushoto na kulia, nyangumi na nguva huupiga juu na chini, maana mababu zao walikuwa wanyama wa nchi kavu. Mchoro waliobandika ubaoni wao wenyewe ulikuwa na mkia uliolala bapa, wa kupiga juu na chini!

Kilichoniudhi zaidi ni yule nusu mtu nusu farasi. Timu nyingine ikasema "mamalia", ikapewa alama zote bila hata kuulizwa sababu. Jamani, miguu minne na mikono miwili ni viungo sita. Chura, mamba, kuku, popo, sokwe wetu wa Gombe, wote wamerithi viungo vinne, na bawa la popo ni mkono tu. Nyoka kavipoteza vyote, sawa, lakini hakuna ukoo wao ulioota jozi ya tatu. Farasi mwenye mabawa ana kesi hiyohiyo, na joka lenye miguu minne na mabawa pia. Manyoya na maziwa peke yake hayatoshi, hao wangehitaji tawi lao. Binti alianza kulieleza hilo, akakatizwa.

Jaji wa pili akatia fora: eti ni mseto, mtu alizaa na farasi. Farasi ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 64 na punda 62, ndugu wa damu kabisa, na bado mtoto wao wa 63 karibu kila mara ni tasa. Sasa mtu na farasi?

Na msije mkaniambia ni mambo ya kitoto. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka mfumo wa kupanga viumbe, mwaka 1735 alikagua joka la vichwa saba lililotunzwa Hamburg, akakuta taya za vicheche na ngozi za nyoka zimeunganishwa. Alitazama kiungo kwa kiungo. Hakusema tuendelee.

Alama zirudishwe. Na jaji akibisha, alfajiri mitumbwi ikirudi aje mwalo wa Kibirizi, achukue samaki mmoja, mgebuka, auweke mkia wake pembeni ya ule mchoro wao. Mgebuka nalipa mimi.