Kibao cha shaba ukutani ndiyo kuhifadhi studio? Acheni utani

Wakuu, hili limenikaa kooni, wacha nilitoe.

Kila studio kongwe ya muziki ikifungwa tunaambiwa "historia itahifadhiwa". Kinachofuata ni kibao mlangoni na picha za wasanii kwenye korido, huku ndani mtu ameingia na koleo anakata nyaya. Studio ya Columbia ya mtaa wa 30 pale New York ilikuwa kanisa la zamani, na ukubwa wa ule ukumbi unausikia kwenye rekodi zake. Ilifungwa 1981, jengo likavunjwa. Studio ya Stax ya Memphis, Marekani, ilivunjwa 1989, kisha 2003 wakafungua makumbusho palepale, jengo la kuigiza lile la zamani. Makumbusho sawa, lakini chumba kilichorekodi hakipo.

Sauti ya studio iko kwenye vipimo vya chumba, mbao, plasta na urefu wa dari. Chukua chumba cha mwangwi, kile cha kuongezea sauti mwangwi wa asili: kuta ngumu za plasta, spika pembe moja, maiki pembe nyingine. Jaza mle maboksi ya makaratasi na zulia kuukuu, mwangwi umekufa, na wahusika wanakiita "stoo". Hasira zinaanzia hapo.

Haya, nyaya. Kebo za chini ya sakafu hukatwa kwa sababu kuzifungua ni kazi ya siku nyingi. Piga picha ubao wa kuunganishia, pale nyaya za studio zinapokutana, andika namba ileile kwenye ncha zote mbili za kila waya, ndipo uyeyushe risasi ya kulehemu iliyoshika nyaya. Ukikata, mrithi wako atapima waya mmoja mmoja kwa mita. Miksa nayo inauzwa chaneli moja moja kama nyama ya mafungu, pawa saplai inaishia kwenye vyuma chakavu.

Na ikibaki nzima, kuna mjuaji atakayeichomeka moja kwa moja kwenye umeme baada ya miaka 10 ya kulala! Kapasita zimekauka. Chomoa chaneli zote, pandisha volti taratibu kwa transfoma ya kurekebishika, pima pawa saplai peke yake kwanza, ndipo urudishe chaneli moja moja.

Tepu, yaani mikanda ya kurekodia, ndiyo balaa zaidi. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zenye mgongo mweusi, Ampex 456 ikiwemo, gundi yake imekunywa unyevu. Ukizicheza hivyohivyo zinapiga kelele, zinanata, na ule unga wa kahawia unaouona kwenye hedi (kichwa cha mashine kinachosoma tepu) ndiyo muziki wenyewe unabanduka. Ili unyevu utoke, zinaokwa kwa nyuzi 54 za Selsiasi, saa 8 hivi kwa ya robo inchi, zaidi sana kwa ya inchi 2, halafu ziachwe zipoe zenyewe. Oveni ya jikoni hapana, joto lake linapanda na kushuka hovyo. Kabla ya yote mulika rili (tepu ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake) kwa ubavu: mwanga ukipenya, hiyo ni asetati, plastiki ya tepu za zamani zaidi, USIIOKE, utaiua. Iliyookwa inyonywe, yaani ihamishiwe kwenye kompyuta, ndani ya wiki chache, maana unyevu hurudi.

Kunyonya nako watu wanalipua. Mwanzoni mwa rili kuna toni za vipimo, milio ya kupimia mashine, fundi wa enzi hizo aliziweka kwa sababu. Mashine irekebishwe kwa toni hizo, hedi inyooshwe mpaka sauti za juu zifunguke. Rili ya inchi 2 yenye futi 2,500, kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde, ni dakika 16 na ushei. Dakika 16 tu, na bado mtu anaruka toni eti anaokoa muda!

Halafu zile karatasi ndani ya boksi zinazoonyesha ngoma iko njia ipi ya tepu na sauti ya mwimbaji iko njia ipi, zinatupwa kama uchafu. Boksi lenyewe pia.

Mwenye tepu iliyookwa ikagoma aweke hapa: aina, upana, joto, saa ngapi. Wa "kompyuta inatosha", pita kimya.