Mwalimu nataka kuhama Windows, laptopu ni RAM 4: nianze na Linux ipi?

Mwl_Mbinga

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mbinga, hisabati na fizikia. Laptopu yangu ni HP ProBook 450, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, hard disk ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 mashine yangu haifikii: prosesa ni ya zamani na TPM 2.0 (kifaa cha usalama inachodai Windows 11) haina. Juu ya hapo imekuwa nzito mno. Naiwasha, naenda kuchota maji, narudi bado taa ya diski inawaka tu haizimi.

Fundi wa hapa mjini kaniambia niuze ninunue nyingine. Hela hiyo mwaka huu sina, nina mtoto anaingia kidato cha tano. Mwalimu mmoja wa mazoezi akaniambia kuna Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure na inakimbia kwenye mashine dhaifu. Nimesoma mtandaoni siku tatu, nimetoka na majina chungu nzima ya aina za Linux: Ubuntu, Mint, Fedora, Zorin, Debian, MX, na kila mtu anasema yake ndiyo yenyewe.

Kazi zangu: kuandika mitihani kwenye Word, yenye milinganyo na michoro. Faili moja la Excel la matokeo ya wanafunzi 212, linachukua masomo 7 bora ya kila mmoja na kutoa pointi na divisheni. Kuprinti kwenye HP LaserJet P1102 ya ofisi ya taaluma. Kuingia mtandaoni kwa bando la simu. Gemu sichezi.

Nianze na ipi? Na mafaili yangu ya miaka tisa yatapona? Natanguliza shukrani.

root_255

Mkuu piga Kali tu. Ndiyo wanayotumia watu wa kazi, ukiishika hiyo nyingine zote utaziona nyepesi.

Mkulima_Nakuru

Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Kali iache kwa sasa. Imejengwa juu ya Debian kwa ajili ya watu wanaopima usalama wa mifumo, na walioitengeneza wenyewe wanasema waziwazi kuwa haimfai anayeanza.

Mimi nilianza na Ubuntu 2012. Jina lenyewe ni ndugu ya neno letu utu, na aliyeianzisha, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Naipenda mpaka leo. Lakini kwa RAM 4 Ubuntu ya kawaida itakubana, fungua tabu sita za Firefox ujionee. Chukua Lubuntu au Xubuntu. Ndani ni Ubuntu ileile, ila sura yake hailambi memori.

Jambo moja nikuambie mapema kama utaweka Windows na Linux kwenye mashine moja: saa. Ukitoka Linux ukarudi Windows, utakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Mimi niliuziwa betri ya ubaoni mara mbili kabla sijajua. Betri ni nzima. Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kana kwamba ni saa ya hapa kwetu, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ukiwa ndani ya Linux fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Hautasumbuka tena.

Mama_Stationari

Mwalimu pole na majukumu. Nina stationari Korogwe, mashine nne, zote Linux Mint tangu 2017, na wateja wangu wakubwa ni walimu. Nakujibu kwa yale ninayoyaona kaunta kila siku.

Kilichonihamisha mimi ni virusi vya flashi. Mwanachuo analeta flashi, tunafungua, kila folda imegeuka shotikati, ukibonyeza haifunguki. Hapo mashine yangu imeshaambukizwa, na mteja anayefuata anaondoka na ugonjwa. Siku moja akaja binti analia, ripoti yake ya utafiti haionekani na mwisho wa kukusanya ni siku hiyohiyo. Jirani yangu alikuwa na laptopu yenye Mint, tukachomeka humo. Folda zake zote hizo hapo. Kirusi kilikuwa kimezificha tu, kwa alama ambayo Windows inaitii na Linux haiijali. Tukanakili, nikamprintia, akaondoka mbio. Wiki ile nilihamisha mashine ya kwanza.

Sasa yako. Chukua Linux Mint 22, ile ya Xfce, yaani yenye sura nyepesi. Imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo karibu kila msaada ulioandikiwa Ubuntu utakufaa, na ina huduma hadi 2029. Menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea. Lubuntu ya ndugu yangu wa Nakuru ni nzuri, sina ugomvi nayo. Mimi nimeng'ang'ania Mint kwa sababu inakuja na Timeshift ndani, inayopiga picha ya mfumo ulivyo leo, na kesho ukiharibika unaurudisha. Imeniokoa mara mbili. Ila haihifadhi mafaili yako binafsi, hilo usilichanganye.

Lakini mwalimu, jina la distro, yaani aina ya Linux, halitakuponya peke yake. Taa ya diski isiyozimika imeshasema ugonjwa uko wapi. Ukipata hela yoyote, nunua SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 240 kabla ya kitu kingine. Na ina faida ya pili: hard disk ya zamani unaichomoa na Windows yake na miaka yako tisa ndani, unaitia kwenye bahasha, unaandika jina, unaifungia kabatini. Hakuna cha kugawa diski wala kutetemeka. Nasisitiza hili kwa uchungu. 2015 nilimpa fundi mmoja kompyuta ya dukani aipige Windows, nikamwambia sehemu ya D yenye mafaili usiiguse. Alifuta yote. Kazi za wateja, na picha za harusi ya mdogo wangu ambazo hazipo popote tena. Tangu hapo mashine haiguswi kwangu kabla mafaili hayajakaa sehemu mbili.

Faili la ISO, lenye Mint nzima ndani, ni karibu GB 3, shusha kwa bando la usiku. Likishuka lipime kwanza. Kwenye Windows fungua cmd, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe herufi zitakazotoka na zile zilizo kwenye ukurasa wa Mint. Zikipishana hata moja, shusha upya. Halafu liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, na ujue flashi hiyo itafutwa yote.

Kama SSD haijapatikana na unataka kuweka Mint pembeni ya Windows, nakili mafaili nje, zima Fast Startup (inaifanya Windows isizime kabisa), kisha bonyeza Windows na R, andika msinfo32, utazame mstari wa BIOS Mode. Mafundi wengi huku wanapiga Windows kwa Legacy, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, hata kwenye mashine ya UEFI, njia mpya. Ukiwasha HP yako kwa F9, flashi utaiona mara mbili, chini ya UEFI na chini ya Legacy. Chagua inayolingana na Windows yako, vinginevyo hutapata menyu moja ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha. Hapa ndipo watu wengi wanaoniletea mashine wamekwama.

Mint ikifunguka kutoka kwenye flashi usikimbilie Install. Kaa nayo jioni nzima. Jaribu sauti, Wi-Fi, mwanga wa kioo. Fungua lile faili la matokeo kwenye LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word na Excel: fomula za SMALL, RANK, VLOOKUP na COUNTIF zinafanya kazi. XLOOKUP haimo kwenye LibreOffice inayokuja na Mint 22, na makro nyingi (amri zilizorekodiwa ndani ya Excel) zitagoma. Milinganyo inafunguka, ila pitia karatasi yote kabla ya kuprinti, mingine inakaa vibaya. Times New Roman hutaikuta, lakini Liberation Serif ina vipimo vilevile vya herufi, mpangilio wa kurasa hauvurugiki.

P1102 inakubali, kuna kitu cha HP cha kuongeza, ukifika hapo niite. Ingekuwa Canon LBP2900 ningekuambia utafute printa nyingine, ile imenitoa jasho.

Mwl_Mbinga

Nimerudi. Mama, nilikopa kikoba nikaagiza SSD Songea. Nimeifunga mwenyewe, skrubu nikizipanga kwenye sahani, na Mint imeingia. Inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Tatizo ni Wi-Fi. Hata kwenye flashi haikuonekana, nikadhani itakuja baadaye. Nimeunganisha simu kwa waya wa USB nikapata intaneti, nikafungua Driver Manager, ikasema Broadcom BCM43142, nikakubali draiva. Ikaniomba nitunge nenosiri, nikatunga. Kuwasha upya ikaja skrini ya bluu sijawahi kuiona, maandishi meupe, nikaogopa nikachagua "Continue boot". Wi-Fi bado hakuna.

Mama_Stationari

Hongera mwalimu, na hapo hujaharibu kitu. Mashine yako ina Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, inakataa draiva ambayo haina saini inayoitambua. Ile skrini ya bluu ndiyo ilikuwa inakuuliza kama unaitambua saini hiyo. Ukisema Continue, umesema hapana, na haiji tena mpaka uiite. Iite hivi:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itaomba nenosiri lako la kuingilia, kisha itakutaka utunge jingine la mara moja. Tunga la herufi ndogo na namba tu, uliandike kwenye karatasi. Ukiandika hapo huoni nyota wala nukta, andika tu. Zima na uwashe. Skrini ya bluu ikija chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", andika lile nenosiri la karatasini, mwisho "Reboot". Usichelewe kubonyeza kitufe, ikiachwa kidogo inajiendea zake.

Kwa printa: ukiwa bado na intaneti ya simu na waya wa P1102 umechomekwa, andika hp-setup, fuata maswali, ikikuuliza kuhusu kushusha plugin, kile kitu cha HP cha kuongeza, kubali. Bila hiyo printa itaonekana kwenye orodha lakini karatasi haitoki, na utadhani ni wino.

Mwl_Mbinga

Wi-Fi imekubali. Mara ya kwanza nilichelewa ikapita, ya pili nikawa nimeweka kidole tayari.

Printa pia. hp-setup iligoma kwanza, terminali yenyewe ikaniambia niongeze hplip-gui, nikaongeza. Leo asubuhi nimetoa jaribio la fizikia kidato cha tatu, nakala ya kwanza kwenye P1102 mbele ya mwalimu wa taaluma. Mlinganyo mmoja tu ulishuka chini ya mstari, nikaurudisha. Faili la matokeo limefunguka na divisheni zote 212 nimezilinganisha na karatasi zilizobandikwa ubaoni mwezi uliopita, hakuna iliyopishana. Kilichogoma ni kitufe cha makro nilichokuwa nabonyeza kupanga majina, sasa napanga kwa Data, Sort.

Masasisho yalikula zaidi ya GB 1, wenye bando dogo wajiandae.

Hard disk ya zamani iko kwenye bahasha, nimeandika jina na tarehe. Wenzangu wawili wa idara wana ProBook kama yangu na wameshaniuliza. Mama, wa kwanza anayo ile Canon LBP2900 nyumbani. Nimwambieje?

Mama_Stationari

Mwambie mafaili ahifadhi kama PDF kwenye flashi, aje kuprintia kwenye P1102 yenu. Wakati huo mimi nakutumia hatua za draiva ya CAPT, ile ya printa za Canon kama hiyo, nilizotumia dukani, nione kama kwenye Mint 22 bado zinakubali. Nipe mpaka Jumamosi, niijaribu kwanza kwenye mashine yangu.