Nyumba mpya Kange au ya zamani Ngamiani? Wana Tanga nishaurini

Mama_Vitenge:
Asalaam aleikum wapendwa. Nina milioni 65, jasho la miaka kumi na moja ya kuuza vitenge sokoni. Nataka nyumba ya kununua, sio kiwanja. Tuliwahi kujenga Muheza na marehemu mume wangu, saruji ikawa inatembea usiku. Sirudii.

Ya kwanza iko Kange, haijalaliwa hata siku moja. Vyumba vitatu, kimoja masta, dari la gipsam lenye taa za rangi kama ukumbi wa harusi, bati la damu ya mzee. Milioni 62. Kusema kweli nilipoingia moyo ulinienda mbio. Kisha nikakwangua ukuta nyuma ya mlango wa jiko kwa ufunguo wangu, mchanga ukamiminika kiganjani kama sukari. Na kuna ufa mwembamba, unaanzia kona ya chini ya dirisha la sebuleni unashuka mshazari hadi sakafuni. Muuzaji anasema, "Hiyo ni rangi tu, mama."

Ya pili Ngamiani, hizi barabara zetu za namba. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba sita, uani mwembe na kisima. Mzee mwenyewe aliandika 1967 kwa kidole kwenye saruji ya kizingiti. Ukiingia saa saba mchana unatamani kulala. Milioni 48. Ubaya wake: lipu imebambuka kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, choo kiko uani, bati limeliwa na kutu, waya za umeme zinaning'inia kama kamba za kuanikia. Warithi ni watano, mmoja yuko Maskati.

Wanangu wote wanataka Kange. Mimi goti la kulia linaniuma, na kutoka Ngamiani sokoni naenda kwa miguu.

Fundi_Makorora:
Shikamoo mama. Huo mchanga ni saruji iliyopunjwa, lakini lipu mbovu sio lazima bloku nazo ziwe mbovu. Omba ngazi upande darini. Kule juu ya gipsam hawapigi lipu, utaziona bloku zenyewe na mbao za kenchi. Kwangua bloku kwa msumari. Ukizama bila kubembelezwa, rudi nyumbani ukanywe chai.

Ufa: bandika kipande cha karatasi juu yake kwa gundi, andika tarehe. Kikichanika, nyumba inatembea. Ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha sio rangi, aliyekwambia hivyo anajua anachofanya.

Ya Ngamiani nadhani ni mawe na chokaa, halafu baadaye mtu akapiga lipu ya saruji juu. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu ukipanda kutoka ardhini unakwama nyuma ya saruji, chumvi inaisukuma lipu mpaka inadondoka. Ukipiga saruji tena utabandua tena. Irudishie lipu ya chokaa. Cha kuogopa ni hizo waya, ng'oa zote. Bati, waya na choo cha ndani, tenga milioni 15 na usimwambie fundi kama unazo.

Kijana_wa_Chuda:
Mama chukua Kange, Ngamiani hakuna hata pa kuegesha gari.

Mama_Vitenge:
Gari lipi, mwanangu?

Karani_Mstaafu:
Dada, mimi ya kuta siyajui, ila usitoe hata shilingi moja ya kishika uchumba kabla ya kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa kusema "mimi ndiye msemaji wa familia" haitoshi. Na huyo wa Maskati aridhie kwa maandishi, la sivyo atashuka uwanja wa ndege na kesi mkononi.

Kisha isome hati mpaka mwisho. Zipo za miaka 33, 66 na 99. Ya miaka 33 iliyotolewa 1988 muda wake uliisha 2021. Ya Kange nayo usiiamini kwa upya wake: uliza kama ina hati au ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Kwa nyumba zote mbili, peleka namba ya hati kwa msajili wa hati wakaitafute kwenye daftari, uone kama haina mkopo wa benki.

Mama_Vitenge:
Narudi na mrejesho. Juzi mvua imenyesha tangu alfajiri, nikasema leo ndiyo leo. Nikachukua bajaji hadi Kange bila kupiga simu. Ufa umeshapakwa rangi, na karatasi yangu imebanduliwa. Mlinzi alikuwa anafagia maji sebuleni kwa ufagio wa chelewa. Aliponiona akaufichia mgongoni.

Nikapitia Ngamiani. Nako kunavuja, sitadanganya, vyumba viwili. Ila bibi aliyepanga chumba cha mbele alikuwa ameshaweka ndoo zake mbili, kila moja mahali pake, anamenya mihogo. Akaniambia ya tatu huwa haihitajiki mpaka masika.

Barua ya mahakama wanayo, nimeishika mwenyewe. Wa Maskati kasema atapiga simu Ijumaa baada ya swala. Wanangu wamenuna.