Dunia imeharibika, au ni redio tu? Tujadili

Mleta mada: Assalaam alaykum. Jana baada ya isha tupo barazani, taarifa ya habari ndiyo imekwisha: vita, njaa, mafuriko. Babu mmoja akatua kikombe cha kahawa, "Dunia imekwisha hii." Nikamuuliza, babu, kwenu mlizaliwa wangapi? Tisa. Waliokua? Watano. Na wajukuu zako? Wote wapo, alhamdulillahi. Sasa iliyokwisha dunia gani?

Mwaka 1990 walikufa duniani watoto zaidi ya milioni 12 kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 hawakufika milioni 5. Hapa kwetu Zanzibar malaria ilikuwa ikijaza wodi. Kwa miaka mingi sasa wanaokutwa na vimelea ni chini ya asilimia 1. Hayo redio haiyasemi. Mie naona tunalishwa khofu tupu. Mwasemaje?

Wa Konde: Tarakimu zako sizipingi, ila furaha hiyo tulishafurahi zamani. Kampeni ya kuimaliza malaria visiwani ilisimamishwa 1968, ugonjwa umeshuka hasa. Ukarudi. Na hata ungeutaja umaskini wa kutupwa, ni kweli nao umepungua: mwaka 1990 ulikuwa kwa zaidi ya theluthi ya watu duniani, 2019 kiasi cha mmoja katika kumi. Lakini sehemu kubwa hapo ni China. Afrika kusini mwa Sahara idadi ya mafukara imezidi. Nikiambiwa dunia imeneemeka, nauliza upande gani.

Mleta mada: La malaria nakubali. Lakini mtu asiyeambiwa kuwa chandarua kimeokoa watoto, atakitunza kwa lipi? Anakwenda kuvulia dagaa. (Nimewaona, wala hawajifichi.)

Bibi wa Mkoani: Wanangu, Septemba 2011 Spice Islander ilipozama ikija Pemba, tulilala na redio kifuani. Nani siku ile angetaka kusikia kwamba watoto hawafi kama zamani? Mwaka uliofuata ikazama Skagit. Tangu hapo nikifika bandarini naitazama kwanza boti imekaaje majini. Nikiona imelemewa narudi nyumbani na kapu langu, nauli na ipotee. Khofu hiyo sitaki mtu aniondoshee.

Mleta mada: Hapo umenikamata, bibi. Ila khofu yako ina kazi, inakurudisha nyumbani. Mie nasemea vita ya mbali, inayorudiwa asubuhi, adhuhuri na usiku, msikilizaji hana la kufanya ila kutikisa kichwa na kuagiza kahawa nyengine.

Wa Konde: Na dua je? Hiyo si la kufanya?

Mleta mada: Haya, dua.

Wa Konde: Babu yako leo kaizima redio?

Mleta mada: Nimemwambia aizime, kakataa. Anangoja matangazo ya vifo, asije akakosa maziko ya mtu.