Kisima cha Shela, kisiwani Lamu, kimeingia chumvi. Ndiyo kuzama kwa kisiwa?

Mkaazi wa Shela: Assalaam aleikum wajuzi. Kisima cha mita 6, maji matamu miaka yote. Tangu kifungwe pampu ya umeme, sabuni haitoi povu na chai ina chumvi. Fundi ataka kuteremka mita 2 zaidi. Na watu wasema Lamu itazama kama Jakarta kwa kuvuta maji. Ni kweli?

Mjuzi wa ardhi: Waaleikum salaam. Jakarta imekaa juu ya mfinyanzi mlaini. Maji yakivutwa, mfinyanzi hubanana na haufumuki tena. Tokyo ya mashariki ilishuka zaidi ya mita 4 mahali pengine, ikatulia baada ya uchotaji kubanwa. Chini ya Shela ni mchanga, haubanani hivyo. Huku kinachopanda ni chumvi, na bahari inavyoinuka yazidi kuisukuma. Maji yenu ni mvua iliyonywewa na vilima vya mchanga, yaelea juu ya maji ya bahari kwa wepesi wake. Kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama 40 chini yake. Pampu ikishusha maji sentimita 10 kwa kudumu, chumvi yaweza kupanda hadi mita 4. Kuchota kwa ndoo hakukushusha maji kiasi hicho.

Fundi visima: Ndugu yangu, usikubali ateremke hata shibiri moja! Huko ni kuifuata chumvi. Zima pampu kwanza. Funga jiwe kwenye kamba, pima maji yalipo kabla ya kuvuta na baada, saa ile ile ya maji kujaa au kupwa, la sivyo utapima bahari badala ya kisima. Kisha inua mdomo wa bomba ukae karibu na uso wa maji, vuta kidogo kidogo asubuhi na jioni, ujaze tangi. Bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndilo la kuogopa zaidi. Maji ya bahari yakiwa 2 tu katika kila 100, ulimi washajua.

Mkaazi wa Shela: Ahsanteni. Yatakuwa matamu lini?

Fundi visima: Yataka masika, pengine zaidi ya moja. Huku nyuma fufueni jabia, birika la kuwekea maji ya mvua. Dari ya mita 60 za mraba, mvua ya milimita 10, ni kama lita 500 baada ya upotevu. Mvua ya kwanza imwageni, ina vumbi na mavi ya ndege.