Naomba ushauri: gemu ya mafumbo ya kutuliza akili

Wakuu, salaam. Mimi si mchezaji wa kukesha. Nikitoka kazini nataka nusu saa ya kupumzisha kichwa, basi. Gemu za kupigana zimenishinda, vidole vyangu vizito.

Tetris ya mwaka 1984 naicheza mpaka leo, ila haina hadithi. Iliyoniteka ni Myst ya 1993: hakuna adui wa kukukimbiza, unazunguka kisiwani taratibu, unawasha swichi, unasikiliza milio, unaandika alama kwenye daftari. Jibu likija unajiona una akili kuliko wote (hata kama ulikwama siku tatu). Portal ya 2007 nayo inafundisha kwa ustadi: chumba kimoja kinakuonyesha jambo moja, kinachofuata kinalichanganya na lingine, na wewe unajikuta umeshajua.

Sasa juzi nimepakua moja ya kutafuta vitu vilivyofichwa. Ufunguo mdogo kama punje ya mchele, rangi ileile ya pazia! Nikaishia kubofya kila kona kama kuku anayedonoa. Hilo si fumbo, ni uonevu. Kuomba dokezo, likanimwagia jibu lote. Utamu ukaisha palepale.

Naombeni mnitajie gemu zenye mafumbo ya haki, hadithi ya kuvutia na madokezo yanayotoka kidogokidogo. Kompyuta yangu ni ya zamani, msinipe nzito. Na nyie mkikwama, huwa mnachungulia majibu au mnazima na kwenda kulala?