Seli huambianaje zinapojenga enameli ya jino?

MamaSinza: Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 8 ameota meno ya mbele ya kudumu yenye madoa ya kahawia. Kabla hatujahamia hapa Sinza alilelewa karibu na Mlima Meru, mkoani Arusha, hadi alipofikisha miaka 4. Nimesoma kwamba enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hujengwa na seli zinazopeana ishara. Je, kazi hiyo huweza kuvurugwa, na mbona mswaki haufui dafu?

MwanafunziUpanga: Shikamoo mama. Jino huanza kwa mawasiliano ya tishu mbili za kiinitete, epithelia ya kinywa (tabaka la seli linalofunika ndani ya kinywa) na mesenkima (tishu laini) iliyo chini yake, ambazo hupelekeana protini za ishara za familia za BMP, FGF, WNT na SHH. Kwa ishara hizo, seli za epithelia hugeuka kuwa ameloblasti, seli ndefu na nyembamba zinazotoa protini iitwayo amelojenini. Baadaye protini hiyo huvunjwa na kuondolewa, madini yakachukua nafasi yake hadi kufikia takriban asilimia 96 ya uzito wa enameli. Floraidi ikizidi katika maji, kama ilivyo sehemu nyingi za Arusha, uondoaji huo huchelewa, enameli ikabaki na vitundu ambamo rangi hupenya jino likishaota. Ndiyo maana mswaki hauifikii.

BabuKariakoo: Seli hizo haziwezi kurekebisha?

MwanafunziUpanga: Haziwezi, babu, ameloblasti hupotea jino linapochomoza. Madoa yenyewe, hata hivyo, daktari wa meno anaweza kuyafifisha.